Mtoto Anapokwenda Kushindana Kuogelea kwa Mara ya Kwanza

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Mtoto wa Mtongwe au wa Mwandoni hahitaji kuelezwa maji ni nini. Amezaliwa akayakuta. Akienda shule anayaona, na jioni yakijaa huchupa na wenzake mpaka aitwe nyumbani. Hata hivyo mtoto huyo huyo akipelekwa kwenye mashindano ya kuogelea ya shule au ya klabu, mara nyingi hurudi ameinamisha kichwa. Kuogelea anajua. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kuogelea ni jambo moja na kushindana kuogelea ni jambo jingine.

Mazungumzo haya ni ya siku hiyo moja na wiki chache zinazoitangulia. Hayahusu medali. Mtoto anayeshindana kwa mara ya kwanza ana kazi tatu tu: aanze wakati anaporuhusiwa kuanza, aogelee mtindo wake kwa kanuni mpaka aguse ukuta, na atoke majini akiwa bado ana hamu ya kurudi. Kazi ya mzazi ni kuona kwamba hakuna jambo dogo la nchi kavu linalomharibia hayo matatu.

Huenda mzazi akasema: karo haijalipwa, haya ya kuogelea ni ya nini? Jibu liko kivukoni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama si mbali na ufuo na watu 272 wakapoteza maisha. Wapo Likoni wazee ambao mpaka leo hawapendi kuizungumzia siku ile. Na si hapa pekee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na mmoja kati ya kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano.

Sasa, mtoto hajui kuogelea sawasawa kwa masomo matatu ya likizo. Hujua kwa kurudi bwawani wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, na kinachomrudisha ni marafiki, kocha, na mashindano ya kutazamia. Aliyeaibika siku ya kwanza hutafuta sababu ya kutorudi, na sababu hazikosekani. Ndiyo maana siku hiyo ya kwanza inastahili kutayarishwa.

Lakini jambo moja lisemwe mapema, lisije likasahaulika. Mbio za bwawani hazimfanyi mtoto kuwa salama baharini. Mkondo wa kivuko cha Likoni hauna kamba wala ukuta wa kushika, na hori ya Tudor wakati wa bamvua huvuta kwa nguvu ambayo hata mtu mzima huiheshimu. Mtoto mwenye medali kumi bado anahitaji mtu mzima wa kumwangalia anapoingia baharini.

Bahari na bwawa

Maji ya chumvi humbeba mtu kuliko maji baridi. Mtoto aliyezoea Shelly Beach akiingia bwawani kwa mara ya kwanza huhisi miguu ikizama, na hudhani amechoka kumbe maji ndiyo yaliyobadilika. Tena huogelea kichwa kikiwa juu. Baharini hiyo ni busara, kwa kuwa lazima aone wimbi, ngalawa na wenzake. Bwawani kichwa kikiwa juu miguu huenda chini, na mtoto hubaki akiburuta mwili badala ya kuuteleza. Kuangalia chini na kutoa pumzi ndani ya maji ndilo somo kubwa la mtoto wa baharini, na halifundishwi kwa siku mbili.

Halafu kuna ukuta. Katika bwawa la mita 25, mbio za mita 50 zina ukuta mmoja wa kugeukia na mmoja wa kumalizia. Mtoto asiyejua ukuta uko wapi hupunguza mwendo mapema kwa kuogopa kujigonga, hasa anapoogelea chali. Juu ya bwawa, mita 5 kutoka kila ukuta, hutundikwa kamba ya vibendera. Si mapambo ya harusi. Vimewekwa kwa ajili ya waogeleaji wa chali: mtoto akiviona juu ya uso wake anajua ukuta umekaribia, na akihesabu mazoezini ni mikono mingapi kutoka hapo hadi ukutani, siku ya mashindano hana haja ya kugeuza kichwa.

Mabwawa yenye leni na vibendera si mengi hapa Mombasa, na mengi ni ya shule za kulipia, hoteli na vilabu. Mtoto wa Chaani au Mtopanga huenda akapata zamu moja kwa wiki, pengine pungufu. Basi zamu hizo zitumiwe kwa mambo ambayo bahari haiwezi kufundisha: kuanza, kugeuka, kugusa ukuta, kufuata mstari ulio chini ya maji. Pumzi na nguvu za mikono mtoto anaweza kuziongeza hata ufuoni, akiwa na mtu mzima.

Kuhusu kuchupa, hapa wazazi wasikie vizuri. Watoto wa Pwani huchupa kutoka popote, kichwa kwanza, nao hawaoni tabu kwa kuwa chini yao pana kina. Bwawa la hoteli huenda likawa na maji ya kufika kifuani tu. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Majini, World Aquatics, zinataka kina kisichopungua mita 1.35 mbele ya jukwaa la kuchupia, na hicho ni kipimo cha chini kwa waogeleaji wanaojua wanachofanya. Mtoto akiingia wima katika maji mafupi huweza kuvunjika shingo. Kama hajafundishwa kuchupa kwa kujinyoosha karibu na uso wa maji, kocha aombwe aulize kama anaweza kuanzia ukingoni au ndani ya maji. Mashindano mengi ya watoto huruhusu hivyo, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Karatasi, nguo na afya

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mzazi atafute cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mashindano ya watoto hupangwa kwa umri, na waandaaji wengi hutaka nakala. Kama cheti hakipo, maombi yaanze mapema kupitia Huduma Centre au eCitizen. Cheti hakingojewi usiku wa kuamkia mashindano.

Kocha ndiye anayemwandikisha mtoto, na huandika muda wake wa mazoezini kwa kila mbio. Wapo wazazi wanaomsihi kocha aupunguze muda huo kidogo ili mtoto aonekane. Wanamponza. Mpangilio wa mbio hutokana na muda: wenye muda unaokaribiana huwekwa kundi moja, ambalo makocha huliita hiti, na katika bwawa la leni 8 mwenye muda bora wa hiti hupewa leni ya 4, wengine wakamfuata kwenda pande zote mbili mpaka leni ya 1 na ya 8. Aliyeongezewa sifa hujikuta katikati ya watoto wanaomzidi mbali, akimaliza peke yake huku watu wamekwisha kupiga makofi. Aliyeandikwa kwa muda wake wa kweli huwa na wa kushindana naye. Na mtoto akipewa leni ya pembeni, mzazi asidhani amedharauliwa. Ni hesabu tu.

Mbio mbili zinamtosha mtoto wa mara ya kwanza. Tatu ni nyingi. Mita 25 au 50 za mtindo huru na nyingine fupi ya mtindo anaoumudu, basi. Kipepeo kingoje.

Nguo ya mbio haihitaji kuwa ya bei. Inayotakiwa ni ile inayobana mwili na isiyonyonya maji. Kaptula pana ya pamba na fulana hugeuka mzigo mara tu zinapolowa. Soko la Kongowea huwa na mitumba ya kuogelea kwa anayejua kuchagua: aivute ncha mbili aone kama mpira bado una nguvu, kisha aiangalie kwenye mwanga kama imepauka nyuma. Iliyopauka huangaza ikilowa, na mtoto wa kike atajua hilo mbele za watu. Miwani ya kuogelea ijaribiwe mazoezini angalau mara tatu. Miwani mipya siku ya mbio ni sawa na viatu vipya siku ya safari.

Wapo wasichana ambao heshima ya nyumbani inawataka wajisitiri mwili mzima, na hapa Mombasa ni wengi. Jambo hili lisiwe sababu ya mtoto kubaki nyumbani. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea katika mradi wa Panje wakiwa wamevaa mavazi kamili ya kujisitiri, na ufuo mzima ukawazoea. Kanuni za mashindano ya juu huweka mipaka ya vazi, lakini mashindano mengi ya shule na vilabu hukubali vazi refu la kitambaa cha kuogelea mradi waandaaji wajue mapema. Neno muhimu hapo ni mapema. Kocha aulize kwa maandishi na ajibiwe kwa maandishi, ili asubuhi ya siku ile mwamuzi asije akamsimamisha mtoto kando ya bwawa mbele ya wenzake.

Mtoto mwenye pumu, kifafa au masikio yanayotoa usaha, kocha ajue. Kifafa hasa hakifichwi, kwa kuwa mtoto akishikwa majini anayemwangalia ana sekunde chache tu. Dawa ya pumu ya kuvuta iwe mkononi mwa kocha kando ya bwawa, sio chini ya mkoba. Msichana aliyevunja ungo aulizwe na mama au shangazi kwa faragha kama siku hiyo itamwangukia, na kama itamwangukia aamue mwenyewe, asilazimishwe kwenda wala kubaki.

Na kwa kuwa mashindano mengi huwa Jumamosi, ustadhi wa madrasa aarifiwe wiki moja kabla. Yakiangukia Ramadhani na mtoto anafunga, mzazi azungumze na kocha kabla ya jina kuandikwa.

Asubuhi ya siku yenyewe

Waandaaji hutoa muda wa kupasha misuli kabla ya mbio kuanza. Kwa mtoto wa klabu kubwa huo ni muda wa kuchangamka. Kwa mtoto wa Likoni ambaye hajawahi kuliona bwawa lile, huo ndio muda pekee wa kujua ukuta una utelezi kiasi gani, maji ya upande gani ni mafupi, na vibendera viko wapi. Akichelewa huo, amekosa nusu ya matayarisho yake.

Ndipo safari inapokuwa jambo zito. Anayetoka Likoni ana kivuko mbele yake, na kila mtu anajua kwamba feri haina ahadi. Anayetoka Changamwe ana malori ya bandari. Anayetoka Kisauni ana Daraja la Nyali. Kama kupasha misuli kunaanza saa mbili asubuhi, familia ya ng'ambo ya Likoni iwe kwenye ngazi za feri saa kumi na mbili na robo. Wakifika mapema mno watakaa kivulini. Klabu inayoweza kukodi matatu moja kwa watoto wote wa mtaa mmoja imewaokoa wazazi wengi gharama na watoto wengi machozi.

Mkoba ufungwe usiku. Nguo ya kuogelea mbili kama zipo, maana kamba hukatika. Miwani, kofia, ndara, sweta, chupa ya maji, na leso mbili. Leso ya Pwani inashinda taulo lolote la dukani: inafuta maji, inamsitiri mtoto anapobadilisha nguo, inatandikwa chini, na ikilowa hukauka upesi. Iwepo pia kalamu ya wino mzito. Ratiba ikitoka, mtoto aandikwe mkononi namba ya mbio, namba ya hiti na leni yake. Mtoto wa miaka minane hawezi kukumbuka namba sita akiwa na wasiwasi, na kuna watoto waliokosa mbio zao wakiwa wamekaa mita kumi kutoka majini, wakila njugu.

Kuhusu chakula, mahamri na mbaazi ni chakula kitamu lakini hukaa tumboni. Vivyo hivyo viazi karai na sambusa zinazouzwa nje ya lango. Uji mwepesi, mkate, ndizi au kiazi kitamu cha kuchemsha, saa mbili au zaidi kabla ya mbio, vinatosha. Baina ya mbio ale kidogo kidogo: ndizi, tende, kipande cha mkate. Jua la Mombasa kando ya bwawa ni kali, na mtoto aliye majini hajui kwamba anatoka jasho. Anywe maji kila mara. Dafu ni zuri, sio soda.

Filimbi

Mtoto asiyejua mfuatano wa filimbi hushtuka, na aliyeshtuka hukosea. Mfuatano ni huu, na nyumbani unaweza kuigizwa kwa kijiti na sufuria. Mwamuzi mkuu hupiga filimbi fupi fupi: hapo mtoto avue sweta na asimame nyuma ya leni yake. Kisha filimbi ndefu: apande juu ya jukwaa, na kwa mbio za chali aingie majini. Wa chali hupigiwa filimbi ndefu ya pili ili washike ukuta. Baada ya hapo mwanzishaji hutoa amri ya kujiweka tayari, ambayo kwa kawaida husemwa kwa Kiingereza; kocha aizoeshe mazoezini. Mtoto ainame na kutulia kama jiwe. Mlio ukitoka, aende.

Anayeondoka kabla ya mlio anaondolewa kwenye mbio. Kanuni za kimataifa hazina nafasi ya pili, na hata pale waamuzi wa watoto wanapokuwa wapole, mtoto afundishwe kusikiliza mlio na kuacha kutazama jirani. Aliye leni ya pili akiteleza, wengi humfuata kama kondoo.

Kila mtindo una kosa lake linalowaponza wageni. Katika mtindo wa kifua na kipepeo, ukuta huguswa kwa mikono miwili kwa pamoja, wakati wa kugeuka na wakati wa kumaliza. Mtoto anayeongoza, akiona ukuta, hunyoosha mkono mmoja kwa furaha, na furaha hiyo humtoa. Huenda hili ndilo linaloliza watoto wengi kuliko yote, na dawa yake ni rahisi: mazoezini asiruhusiwe kamwe kugusa kwa mkono mmoja, hata siku ya mchezo. Katika chali lazima amalize akiwa bado chali, asigeuke kuutazama ukuta.

Mtindo huru una huruma zaidi. Mtoto aliyechoka anaweza kusimama chini ya bwawa akavuta pumzi, kisha akaendelea, na hataondolewa. Asichoruhusiwa ni kutembea, wala kuvuta kamba ya leni kujisogeza mbele. Mtoto aambiwe hilo waziwazi kabla ya siku. Akijua kwamba kusimama hakumtoi, hofu hupungua, na mara nyingi hata hahitaji kusimama. Aambiwe pia kwamba akizidiwa kabisa ashike kamba na kuinua mkono juu. Mbio zitapotea, na hakuna atakayemgombeza.

Mzazi akae wapi

Akae jukwaani, na wazazi wenziwe. Ukingo wa bwawa ni wa waogeleaji, makocha na waamuzi. Mzazi anayetembea kando ya leni akipiga kelele za "vuta, vuta" hasikiki, kwa sababu masikio ya mtoto yamo majini, na akisikika humfanya ainue kichwa. Mafundisho ya dakika ya mwisho ni ya kocha. La mzazi ni kumfunga leso mabegani na kumwambia yuko hapa.

Mwamuzi akimwondoa mtoto, mzazi asimfuate mwamuzi. Kocha ndiye anayeuliza, na mara nyingi sababu imeandikwa kwenye karatasi. Mtoto aelezwe ile sababu siku hiyo hiyo kwa maneno machache: uligusa kwa mkono mmoja. Kosa lenye jina hurekebishwa. Akiachwa bila kuelezwa, hubaki akidhani kwamba yeye mwenyewe ndiye mbaya.

Matokeo nayo yana hesabu yake. Katika mashindano mengi ya watoto hakuna fainali. Washindi hupatikana kwa kulinganisha muda wa hiti zote. Mtoto anaweza kuwa wa kwanza katika hiti yake akawa wa kumi na nne kwa jumla, na wa mwisho katika hiti ya mwisho yenye watoto wanane akapata nafasi ya nane. Mzazi asikimbilie kushangilia wala kusikitika kabla karatasi haijabandikwa. Hili halimkuti mtoto peke yake. Jason Dunford, katika mchujo wa mita 100 kipepeo kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, aliogelea kwa sekunde 51.14, ikawa rekodi ya Olimpiki, na Mkenya alikuwa hajawahi kuwa nayo katika kuogelea. Muda mfupi baadaye, katika mchujo huo huo, Milorad Čavić wa Serbia akaivunja. Dunford alimaliza wa tano katika fainali. Miaka miwili baadaye, mjini Delhi, alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola katika mita 50 kipepeo. Mwaka 2016 Hamdan Bayusuf aliiwakilisha Kenya katika mita 100 chali kwenye Olimpiki ya Rio. Hakuna hata mmoja wao aliyekosa kuwa na siku ya kwanza ya kutafuta leni yake.

Kuhusu simu: kila mzazi hutaka picha, na ni haki yake kwa mtoto wake. Picha zenye watoto wa wengine wakiwa katika nguo za kuogelea zisirushwe mitandaoni. Vilevile mtoto asiachwe peke yake na mtu mzima mmoja katika chumba cha kubadilishia nguo, awe kocha, mfanyakazi au jamaa. Kocha mwema hatakasirika akiulizwa utaratibu wake. Atafurahi kwamba kuna anayeuliza. Klabu nayo iulizwe kama inatambuliwa na Kenya Aquatics, na ni nani anayejua huduma ya kwanza siku hiyo.

Njiani kurudi

Kwenye feri au kwenye matatu, swali la kwanza lisiwe "umekuwa wa ngapi?" Wajomba na majirani wataliuliza hilo, na mtoto atalijibu mara ishirini kabla ya magharibi. Mzazi aulize maji yalikuwaje, au nani alikuwa leni ya jirani. Mtoto akitaka kunyamaza, anyamaze. Wengi hulala kabla gari halijafika Magongo au Bombolulu.

Muda wake uandikwe kwenye daftari, pamoja na tarehe, urefu wa bwawa na mtindo. Muda wa bwawa la mita 25 usilinganishwe na wa bwawa la mita 50 kama lile la Kasarani, kwa kuwa kwenye bwawa fupi mtoto hupata ukuta wa kusukumia mara nyingi zaidi. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha mara ijayo kama amesonga mbele, hata kama amekuwa wa mwisho tena.

Nguo ya kuogelea isuuzwe kwa maji matamu usiku ule ule, bila sabuni ya unga, kisha ianikwe kivulini. Klorini na jua huila mipira yake, na zamu ya mazoezi ni Jumanne.